Ukurasa wa Mgeni

Jarida letu la wanafunzi wa Kiswahili hapa Makerere lina kurasa nane. Tunalichapa kwa kompyuta ya kuazima, tunalitoa fotokopi Wandegeya, na nakala zake hazijawahi kuzidi mia mbili. Kurasa saba ni zetu wenyewe: mashairi, hadithi fupi, uchambuzi wa riwaya, barua na chemshabongo. Ukurasa wa nne si wetu. Huo ni wa mgeni. Kila toleo tunamwalika mwanafunzi mmoja asiyesoma Kiswahili, anayesoma uuguzi, sheria, kilimo, uhandisi au maabara, atuandikie kwa Kiswahili jambo moja la fani yake ambalo mtu wa kawaida mjini Kampala angefaidika kulijua.

Nimekuwa mhariri wa ukurasa huo kwa mihula mitatu. Katika insha hii nataka kueleza kwa nini nauona kuwa ndio wenye uzito kuliko mingine yote, ingawa maandishi yake ndiyo yanayotufikia yakiwa na makosa mengi zaidi ya ngeli.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi ni haki kuuliza: sisi wenyeji tunaumwa nini? Jibu langu ni kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna tabia ya kuandika kwa Kiswahili kuhusu Kiswahili. Tunajadili asili ya lugha, lahaja, vina na mizani. Tunajadili nafasi ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni mambo mema, na mimi mwenyewe nayapenda. Lakini mtu akitusoma mwaka mzima atadhani kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na la kusema ila juu yake yenyewe.

Hapa Uganda ugonjwa huu una sababu. Kiswahili kimetangazwa mara nyingi kuliko kilivyosomwa. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila tangazo lilikuwa na shangwe yake, lakini mama anayeuza nyanya sokoni Nakawa hakuona limemwongezea nini. Wazee wengi wa Kampala bado wanakikumbuka Kiswahili kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani: simama, leta kitambulisho, lala chini. Lugha inayoamrisha hupata utii, haipati mapenzi. Ili watu waipende, sharti iwafae kwa jambo fulani maishani mwao.

Kilima chetu cha Makerere kingeweza kutufundisha hilo mapema. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, ilihamia hapa mwaka 1952 na kukaa karibu miaka kumi, kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ambako ndiko ilikotoka TUKI na baadaye TATAKI ya leo. Jarida lake lilishughulikia msamiati, tungo za kale na lahaja. Wakati Kamati ilipokuwa bado hapa, mwaka 1958, idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la Penpoint, ambamo wanafunzi waliandika hadithi na mashairi. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, alichapisha humo baadhi ya hadithi zake za mwanzo akiwa mwanafunzi. Mwaka 1965 David Cook alikusanya maandishi ya jarida hilo akayatoa kuwa kitabu, Origin East Africa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jarida la wanafunzi ni mchezo. Lakini pia, nikiyatazama majarida hayo mawili yaliyokaa kilima kimoja, naona pengo katikati yake: mwanafunzi wa udaktari au wa kilimo aliyetaka kumweleza mkulima jambo kwa Kiswahili angelipeleka wapi?

Ukurasa wa mgeni ni jaribio dogo la kuziba pengo hilo. Kanuni zake ni tatu. Kwanza, mgeni aandike jambo moja tu. Pili, asituletee noti za mhadhara zilizogeuzwa lugha. Tatu, na hii ndiyo kubwa, akae nasi mezani tumsomee maandishi yake kwa sauti, naye ajibu maswali ya watu wasioijua fani yake. Malipo ni rolex moja ya mayai mawili na soda. Hakuna aliyewahi kulalamikia malipo. Wengi wamelalamikia maswali.

Mgeni wetu wa kwanza alisoma sheria. Alitaka kutuandikia juu ya milki ya ardhi kwa jumla. Tukamwomba apunguze, apunguze tena, mpaka akabaki na neno moja: kibanja.

Mtu aliyetoka Tanzania, Kenya au Kongo akifika Kampala akasikia kibanja kinauzwa, hudhani amesikia kiwanja kwa matamshi ya Kiganda. Maneno hayo yanafanana kama ndugu, lakini hayabebi mzigo mmoja. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine kwa kipimo cha maili za mraba, na ndiyo maana mpaka leo ardhi hiyo inaitwa mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi juu yake walibaki hapohapo, wakimlipa mwenye hati kodi iitwayo busuulu. Sehemu ya mkulima huyo ndiyo kibanja. Anayenunua kibanja, kwa hiyo, hanunui ardhi yenyewe. Ananunua haki ya kukaa na kutumia ardhi ambayo hati yake iko mkononi mwa mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamlinda, na marekebisho ya mwaka 2010 yanasema hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama kwa sababu ya kutolipa kodi ya mwaka. Lakini sheria hiyohiyo inataka mwenye kibanja apate ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kuuza, na mwenye ardhi apewe nafasi ya kwanza ya kununua. Mgeni aliyelipa fedha zake bila kuuliza hati iko kwa nani amenunua ugomvi.

Mwanafunzi yule alituambia kwamba mambo hayo aliyajua tangu mwaka wa pili. Kitu ambacho hakuwahi kukiona ni kwamba neno lenyewe ni mtego kwa Mswahili. Katika Kiingereza cha darasani mtego huo haupo; katika Kiganda haupo pia. Unaonekana tu pale unapojaribu kulieleza jambo kwa Kiswahili. Toleo lile liliisha kwa siku mbili. Fundi mmoja wa magari wa Katwe, mtu wa Kigoma, alikuja hadi hosteli kutafuta nakala.

Mgeni wa pili alisoma kilimo. Aliandika juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 katika wilaya ya Mukono, na ambao Waganda wanauita kiwotoka. Alitaka kuwaambia wakulima wakate ile sehemu ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa hadi hapo, na waikate kwa kuizungusha kwa mti wenye panda badala ya kisu, kwa sababu kisu hutoa utomvu wa mgomba mmoja kikaupaka mwingine. Shida ilikuwa jina la sehemu hiyo. Kiganda kina neno lake, empumumpu, na kila mtoto analijua. Tulifungua kamusi, hatukuona neno tulilolitaka. Kisha mwenzetu mmoja wa Kagera, aliyekuwa akila rolex yake kimya, akasema: "Kwetu mabwana shamba wanasema ua dume." Ikawa imekwisha. Msamiati tuliokuwa tukiutafuta vitabuni ulikuwa umekaa nasi mezani.

Nimeanza na visa hivyo viwili ili msomaji aone jinsi ukurasa unavyofanya kazi. Kisa cha tatu ndicho kilichonigusa mimi.

Mgeni wa tatu alikuwa mwanafunzi wa maabara ya tiba kutoka Lira. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, alichojifunza kwa madereva wa malori, lakini alikuwa na hamu. Alichagua kuandika juu ya selimundu. Katika Kampala ugonjwa huu wengi wanauita kwa Kiingereza, na kwa Kiganda ni nnalubiri. Jina la Kiswahili linaeleza zaidi: chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya duara na laini, hupinda ikawa kama mundu wa kukatia majani. Mundu haupiti vizuri kwenye mshipa mwembamba. Hukwama, damu haifiki, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Tena chembe yenye afya huishi kama siku 120. Chembe ya mundu huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto huishiwa damu.

Mgeni alitueleza kwamba maarifa mengi ya ugonjwa huu yana mguu mmoja hapa kwetu. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki, alionyesha katika British Medical Journal kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimeenea sana penye mbu wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa damu za watoto wachanga wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba watoto 13 hivi kati ya kila 100 wanacho. Damu ilitolewa hapa, maarifa yakaandikwa kule. Safari yake ya kurudi kwa wenye damu bado inaendelea, na mara nyingi hukwama njiani kwa sababu ya lugha.

Tulipomsomea makala yake kwa sauti, wenzangu walikuwa na kalamu tayari. Walisahihisha "damu yake anapungua", wakasahihisha "mifupa zinauma". Tukafika kwenye sentensi hii: "Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa na selimundu." Hakuna kalamu iliyogusa karatasi. Ngeli zilikaa sawa, njeo ilikaa sawa, hata koma ilikuwa mahali pake. Ndiyo sentensi pekee katika ukurasa mzima iliyokuwa safi.

Nikauliza: "Mzazi mwenye mtoto mmoja mgonjwa akisoma hapa, ataelewa nini?"

Mgeni akajibu: "Ataelewa kwamba uwezekano ni robo."

"Hapana," nikasema. "Ataelewa kwamba mgonjwa wake ameshampata, kwa hiyo watatu wanaofuata wamesalimika."

Sikuwa nabahatisha. Dada yangu mkubwa ameolewa na mtu wa Beni, mfanyabiashara wa vitenge hapa Kampala. Wanaishi Nsambya. Dada ana Kiganda, Kiingereza na Kisamia chetu cha Busia. Shemeji ana Kinande, Kifaransa na Kilingala. Lugha inayowaunganisha ndani ya nyumba ni Kiswahili peke yake. Ndiyo waliyochumbiana kwayo, ndiyo wanayogombana kwayo. Mtoto wao wa kwanza, binti, alivimba mikono na miguu akiwa na miezi kumi. Walizunguka naye sehemu kadhaa, wakipewa dawa za malaria kila mara, hadi mahali fulani damu yake ilipopimwa. Aliyewapa majibu alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Alisema kwa haraka, nusu Kiingereza nusu Kiganda, kwamba ni mmoja kati ya wanne. Dada akamgeuzia mumewe: "Mmoja kwa wanne." Wakaondoka na hesabu hiyo kama watu waliopewa risiti.

Mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa mzima. Hesabu ikaonekana kutimia. Shemeji akawa anasema kwa furaha kwamba deni wamelilipa mapema, sasa ni faida tu. Mimi nilikuwa na shaka, nikawaambia sidhani kama iko hivyo. Shemeji akaniuliza: "Basi iko vipi?" Kwa swali hilo mwanafunzi wa fasihi hana jibu. Na wakati mgeni wetu wa Lira alipokaa mezani petu, dada alikuwa na mimba ya miezi minne.

Niliwaeleza wenzangu habari hiyo kwa ufupi. Mgeni alinyamaza, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa sarafu mbili za shilingi mia tano. Upande mmoja wa sarafu hiyo una kichwa cha korongo mwenye taji, upande wa pili una nembo ya taifa. Akasema: "Hii ni baba, hii ni mama. Korongo ni mundu, nembo ni uzima. Kila mzazi mbebaji ana pande zote mbili, na kila mimba anatoa upande mmoja tu, bila kuchagua." Akazirusha. Zikaanguka korongo kwa korongo. "Huyu mgonjwa." Akaziokota akarusha tena. Korongo kwa korongo. Meza nzima ilinyamaza. Akarusha mara ya tatu: korongo na nembo. "Huyu mbebaji, mzima kama wazazi wake." Mara ya nne: nembo kwa nembo.

Tulikaa pale hadi giza likaingia, tukiandika upya aya moja. Yeye alileta ukweli. Sisi tulileta masikio ya msomaji. Alipotaka kuandika "uwezekano ni asilimia 25", tulimuuliza nani Kisenyi anahesabu watoto kwa asilimia. Tulipotaka kuandika "huenda akazaliwa mgonjwa", alitukatalia, akasema "huenda" inaficha ukubwa wa jambo. Robo si "huenda", robo ni nyingi. Mwishowe tuliandika hivi:

"Kila mimba ni kurusha upya. Sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara ya kwanza. Mwenye mtoto mmoja mgonjwa anaweza kupata wa pili mgonjwa, na mwenye watoto watatu wazima anaweza kupata wa nne mgonjwa. Kila mara, katika njia nne ambazo sarafu zinaweza kuanguka, moja ni ya ugonjwa, mbili ni za kubeba bila kuumwa, na moja ni ya kutokuwa na mundu kabisa."

Na baada ya hapo mgeni akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: "Ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake wala kwa baba peke yake. Mtoto hawezi kuupata mpaka kila mmoja ametoa nusu yake."

Jumapili iliyofuata nilipeleka jarida Nsambya. Sikumweleza mtu kitu. Nililiweka mezani pamoja na mkate, nikaenda jikoni kumsaidia dada kumenya matoke. Shemeji hupenda kusoma kwa sauti, tabia aliyoipata kanisani. Akasoma shairi, akalicheka. Akafika ukurasa wa nne. Tulimsikia kutoka jikoni akisoma kuhusu mundu, kisha kuhusu sarafu, sauti ikipungua mwendo. Akasimama. Tukasikia sarafu zikilia juu ya meza, mara moja, mara mbili, mara nyingi.

Dada aliweka kisu chini, akaenda kusimama mlangoni akiwa na mikono iliyojaa utomvu. Shemeji alikuwa amerudi kwenye sentensi ya mwisho, ile ya nusu kwa nusu, akaisoma mara ya pili, polepole. Lazima nieleze kwamba kwa miaka mitatu baadhi ya ndugu wa shemeji walikuwa wakisema kwenye simu kwamba maradhi ya mtoto ni damu ya ukweni, ni damu ya Uganda. Yeye hakuwahi kulisema. Lakini pia hakuwahi kulikanusha, na dada alikuwa akiuishi ukimya huo. Alipomaliza kusoma alimtazama mkewe, akasema, "Kumbe ni sisi wote." Hakuongeza neno. Dada alirudi jikoni akamenya matoke yaliyobaki, na nilimwona akijipangusa macho kwa mkono wa nguo kwa sababu vidole vilikuwa vichafu.

Baadaye shemeji aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Benye kuandika hii beko wapi?" Nikamwambia wako chuoni, ni mtoto wa Lira na sarafu zake. Akataka nakala ishirini. Alizigawa kwa Wakongo wenzake wa Kikuubo na kanisani, na nyingine zikaenda Beni ndani ya mizigo ya vitenge.

Mtoto wa tatu alizaliwa mwezi wa nane. Safari hii hawakungoja avimbe mikono. Walimpeleka akapimwa akiwa na majuma machache. Majibu sitayaandika hapa. Ni ya mtoto mwenyewe, na akikua atayasema akitaka. Nitasema tu kwamba kujua mapema ni nusu ya tiba: mtoto mwenye selimundu anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini ya kumkinga, huandikiwa asidi ya foliki, hukamilisha chanjo, hulala ndani ya chandarua kila usiku, hunyweshwa maji mengi na kukingwa na baridi. Hayo yote yalikuwa katika ukurasa wa nne, kwa maneno ambayo mume na mke waliyasoma pamoja.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ile sentensi ya "mmoja kati ya wanne" ilipita mikononi mwa watu wa aina mbili bila kushtukiwa. Mtaalamu hakuishtukia kwa sababu katika kitabu chake ndivyo ilivyoandikwa, na wataalamu wenzake huielewa vizuri. Wanafunzi wa lugha hawakuishtukia kwa sababu sarufi yake haikuwa na doa. Kila upande ulitazama pale ulipofundishwa kutazama. Kilichoifichua ni kuketi pamoja na kumweka msomaji mmoja halisi katikati ya meza. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba wataalamu waandike kwa Kiswahili halafu basi. Makala ya mtaalamu yaliyopita mikononi mwa msahihishaji wa ngeli peke yake yanaweza kuwa safi na kupotosha. Wala siwaambii wanafunzi wa Kiswahili wajifanye madaktari. Nasema mgeni na mwenyeji wakae meza moja, na kila mmoja awe na haki ya kumkatalia mwenzake neno.

Mgeni huyo naye hakutoka mikono mitupu. Muhula uliofuata alipelekwa kwenye mafunzo ya vitendo, akaja kutuambia kwamba sasa anatembea na sarafu mbili ndani ya koti lake. Anawaeleza wazazi kwa Kilango, kwa Kiganda, kwa lugha yoyote inayotokea, lakini maelezo yenyewe, anasema, aliyapata kwa Kiswahili, siku tulipomzuia kusema asilimia. Kwa sababu methali ya pili inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tumempa jembe lake: sasa anakaa nasi upande wa waulizaji, na ni mkali kuliko sisi.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili mahali popote, Eldoret, Bujumbura, Zanzibar au Gulu, tafuta mgeni mmoja. Usimtake aandike vizuri; hiyo ni kazi yako. Mtake ajue jambo, na akubali kuulizwa. Matangazo ya serikali yameshakipa Kiswahili cheo hapa Uganda. Sasa kinahitaji kazi ya kufanya, na kazi hiyo wanayo wanafunzi wa vitivo vingine, ndani ya madaftari yao.

Toleo lijalo mgeni wetu anasoma uhandisi wa umeme. Anataka kueleza kwa nini yuniti za kwanza za Yaka kila mwezi ni za bei nafuu na zinazofuata si hivyo, jambo ambalo wapangaji wa Makerere Kikoni hugombania na wenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Rasimu yake tumeshaipata. Ina makosa kumi na saba ya ngeli na sentensi tatu safi kabisa. Tumempigia mstari zile tatu.